Kuzuia wizi wa utambulisho: mwongozo kamili kwa wenye kaunta Tanga

Mtu anayekopa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya Ngamiani kwa jina la mwenzake hajavunja kufuli wala hajadukua kompyuta. Amekuja na kopi ya kitambulisho, barua ya mtaa yenye muhuri, na laini ya simu iliyosajiliwa wiki iliyopita. Kopi aliipata mahali, na mara nyingi mahali hapo ni biashara halali kabisa: steshenari, gesti, duka la simu, ofisi ya shule. Ndiyo maana kila anayepokea vitambulisho vya watu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutotapeliwa. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni kutokuwa ghala la matapeli.

Mwongozo huu unawahusu SACCOS na VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wakopeshaji wadogo, mawakala wa fedha, gesti, shule, zahanati, steshenari na maduka yanayouza kwa mkopo. Benki na kampuni za simu zina mifumo yao, na wafanyakazi wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Hapa tunazungumza na ofisi yenye watu wawili hadi thelathini, kompyuta moja au mbili, na daftari. Kila kanuni iliyomo tumeipima kwa swali moja: karani ataweza kuifuata mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika barabarani? Kanuni inayovunjika siku hiyo haina kazi, kwa sababu tapeli huja siku hiyo.

Hatua ya 1: Fuata njia ya karatasi

Tenga asubuhi moja ya siku isiyo na wateja wengi. Chukua karatasi kubwa, chora safu tano: taarifa gani tunachukua, anaipokea nani, inakaa wapi, nani mwingine anaiona, inaondoka lini. Kisha tembea ofisini kwako kama mteja, kuanzia mlangoni. Usijaze ukiwa umekaa, maana ukikaa utaandika yale unayoamini yanafanyika.

Ukitembea utaona mambo. Daftari la wageni liko wazi kaunta, na anayesaini mstari wa kumi anasoma tisa za juu yake. Kopi zilizoharibika ziko kwenye boksi chini ya meza. Picha za vitambulisho zimo kwenye simu binafsi ya karani, kwa sababu wateja humtumia WhatsApp, na simu hiyo usiku iko nyumbani na watoto wanachezea gemu. Fomu za mikopo iliyokwisha miaka minne iliyopita zimo kwenye kabati lisilo na ufunguo.

Safu ya tano ndiyo itakayobaki tupu. Ofisi nyingi zina utaratibu wa kupokea karatasi lakini hazina wa kuziachia, na zinapojaa, huuzwa kwa kilo. Baadaye unanunua karanga barabarani zimefungwa kwa fomu ya mdhamini, jina, sahihi na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, vikiwa juu.

Hatua ya 2: Acha kuchukua usichohitaji

Usichokuwa nacho hakiibiwi kwako. Hii ndiyo hatua ya bei rahisi kuliko zote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uifanye: taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na zisizidi lengo hilo.

Duka linalouza friji kwa mkopo wa miezi sita linahitaji kumjua mkopaji na mdhamini wake. Halihitaji kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Shule inahitaji namba ya mzazi na ya ndugu mmoja wa dharura. Haihitaji kopi za NIDA za wazazi wote wawili kila Januari wakati zile za mwaka jana bado zimo kwenye faili. Kwa wakopeshaji, tofautisha kuona na kubaki na kopi. Mara nyingi inatosha karani kukiona kitambulisho halisi, kuandika namba na kusaini kwamba amekiona. Kopi ibaki pale tu sheria, leseni au mkataba wako unapoidai.

Gesti zina tatizo la peke yake. Mgeni anashuka stendi ya Kange usiku, anaandikishwa jina, atokako, aendako, namba ya simu na ya kitambulisho. Utaratibu huo unaeleweka na polisi wanaweza kuja kuuangalia. Kosa liko kwenye daftari kukaa wazi. Dawa haina gharama: kata kipande cha boksi gumu cha ukubwa wa ukurasa, toboa dirisha la mstari mmoja, kiweke juu ya daftari kila mgeni anapoandika. Ukiweza zaidi, tumia kadi moja kwa kila mgeni, itumbukizwe kwenye sanduku la kufuli. Na kitambulisho cha mgeni kisizuiliwe mapokezi kama rehani ya ufunguo. Ukitaka rehani, chukua elfu tano.

Hatua ya 3: Kopi na steshenari

Kopi safi ya kitambulisho ina thamani kwa tapeli kwa sababu haionyeshi ilikotoka wala ilitolewa kwa kazi gani. Iharibie thamani hiyo. Kila kopi inayobaki ofisini kwako ipigwe mistari miwili ya mshazari, na katikati yake iandikwe kwa kalamu ya wino: jina la ofisi, kazi ya kopi, tarehe. Kwa mfano: "Kwa mkopo wa SACCOS tu, 14/3/2025." Maandishi yapite juu ya sehemu ya picha bila kufunika uso, na yaguse namba bila kuifanya isisomeke. Ukiyaweka pembeni kwenye weupe, yanakatwa kwa mkasi kisha kopi inapigwa upya. Mfundishe mteja afanye hivyo popote aendapo.

Steshenari zinastahili aya zao, maana hakuna biashara mjini inayoshika siri za watu wengi hivyo kwa shilingi mia moja moja. Kijana anakuja kuomba mkopo wa elimu ya juu au ajira. Anapigiwa skani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, NIDA ya mdhamini. Anafunguliwa barua pepe, na nywila inaandikwa kwenye daftari la kaunta ili asisahau. Mwisho wa msimu wa maombi daftari hilo lina nywila za watu mia mbili, kurasa chache tu kutoka kwenye hesabu za toner.

Mwenye steshenari aanze na haya. Mafaili ya wateja yaingie kwenye folda moja tu, iitwe LEO. Wakati wa kufunga duka ifutwe, na pipa la kompyuta lisafishwe palepale. WhatsApp ya kazi iwe kwenye simu ya duka, si ya kijana wa kaunta. Iwekewe mpangilio wa ujumbe kufutika baada ya saa 24, na uhifadhi wa picha kwenye galari uzimwe. Hapa wengi huteleza: wanafuta mazungumzo lakini picha inabaki galari, na pengine nakala yake imekwishapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nywila aandike mteja mwenyewe, kwenye karatasi yake, mfanyakazi akiwa amegeuza uso. Kopi mbovu zichanwe vipande vidogo kabla mteja hajaondoka. Tena ulizia kama mashine yako kubwa ya kopi ina diski ndani. Nyingi za kisasa zinayo, nayo huweza kubaki na sura za kilichopita juu ya kioo. Kabla ya kuiuza au kuipeleka kwa fundi usiyemjua, diski isafishwe au itolewe.

Hatua ya 4: Kumtambua mtu kaunta

Biashara ndogo haina mlango wa kuingia kwenye kanzidata ya NIDA. Lakini ina njia nne, na kwa pamoja hazichukui zaidi ya dakika nne.

Kwanza, namba yenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu aliyezaliwa 9 Juni 1987 namba yake inaanza 19870609. Linganisha na tarehe iliyo kwenye kadi na ile aliyoiandika kwenye fomu. Wanaobandika namba ya mtu mmoja kwenye picha ya mwingine hunaswa hapa mara nyingi ajabu.

Pili, jina kwenye simu. Anza kutuma kiasi kidogo kwenda namba aliyokupa. Kabla ya kuthibitisha kwa namba ya siri, jina la mwenye akaunti hutokea. Lisome, linganisha na kitambulisho, kisha futa muamala. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo jina hilo lina uzito kuliko kopi yoyote. Halitoshi peke yake: wapo kina mama wengi wanaotumia laini ya mume au ya mtoto. Mteja akisema laini ni ya mwanawe, andika hivyo kwenye fomu, na usiifanye kuwa namba ya kupokelea fedha.

Tatu, uso. Karani aitazame picha kwanza, halafu mtu. Akianza na mtu, jicho humalizia kufanana lenyewe. Kitambulisho kiwe halisi na kitoke kwenye mkoba wa mteja. Picha iliyopo kwenye simu si kitambulisho.

Nne, swali lisilo na jibu kwenye karatasi. Jina la mama kama swali la siri ni kichekesho hapa kwetu, ambako nusu ya mtaa wa Makorora inamwita mama huyo kwa jina la mwanawe wa kwanza na nusu nyingine kwa jina lake. Uliza kinachojulikana na wewe na mteja tu: marejesho ya mwisho yalikuwa kiasi gani, alikuja na nani siku ya kujiunga, hisa alinunua mwezi gani. Kwa mteja mpya muulize njia ya kufika kwake kutoka mahali panapojulikana, soko la Mgandini au hospitali ya Bombo. Anayesema kweli hueleza bila kufikiri, na hukosea kidogo. Aliyekariri husoma anwani.

Barua ya serikali ya mtaa ina kanuni yake. Muhuri ukae nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, na duara lake liendelee bila kuvunjika mahali picha inapoishia. Muhuri unaokatika pale ni dalili ya picha iliyobandikwa baadaye. Kisha mpigie mtendaji wa mtaa kumwuliza kama ameitoa barua hiyo. Usitumie namba iliyo kwenye barua! Ofisi yako iwe na orodha ya namba za watendaji wa mitaa mnayoihudumia, Chumbageni, Mabawa, Duga, Nguvumali na kwingine, mliyoikusanya wenyewe na kuipitia kila baada ya miezi sita, maana watendaji huhamishwa.

Kuhusu majina, tahadhari ya upande wa pili. Pwani watu wengi wana majina yaleyale, na yaleyale huandikwa kwa namna tofauti: Ally na Ali, Mohamed na Mohamedi, Mwanahamisi na Mwanakhamis. Cheti cha shule kina majina mawili, NIDA ina matatu. Ukimchukulia kila mwenye tofauti ya herufi kuwa tapeli utafukuza wateja wema na kumkosa mwizi, ambaye karatasi zake hulingana vizuri kupita kiasi. Tofauti ya tahajia, huku tarehe ya kuzaliwa na uso vikikubaliana, iandikwe kwenye faili na kazi iendelee. Tofauti ya jina zima inahitaji kiapo. Tofauti ya tarehe ya kuzaliwa inasimamisha kazi.

Hatua ya 5: Orodha ya dalili, ukurasa mmoja

Marekani ina kanuni ya 2007, iliyotoka kwenye sheria ya 2003, inayozitaka taasisi za fedha na wakopeshaji kuwa na mpango wa maandishi wa kuzuia wizi wa utambulisho. Inadai mambo manne: zijue dalili za hatari zinazohusu biashara yako, weka njia ya kuziona zikijitokeza, eleza utafanya nini ukiziona, na huisha mpango kila mambo yanapobadilika. Imeambatanishwa na mifano 26 ya dalili katika makundi matano: tahadhari kutoka taasisi za kumbukumbu za mikopo (zinazotunza historia za wakopaji), nyaraka za kutilia shaka, taarifa binafsi zisizopatana, mwenendo usio wa kawaida wa akaunti, na taarifa kutoka kwa waathirika au polisi. Haikubani wewe wa Tanga, lakini mgawanyo wake ni mzuri, na kuuazima si dhambi.

Usinakili mifano yote 26. Orodha yako itoke kwenye biashara yako, ibandikwe upande wa ndani wa kaunta, isizidi kumi. Kwa mkopeshaji mdogo, hizi zinatosha kuanzia:

- Namba moja ya simu, au mdhamini mmoja, imeonekana kwenye maombi ya watu wawili wasiojuana.
- Laini imesajiliwa ndani ya mwezi huu, na mteja anadai ameitumia miaka.
- Mteja anasomewa majibu na mtu aliye pembeni au kwenye simu.
- Akaunti iliyolala mwaka mzima inaamka, na siku hiyohiyo inaombewa mkopo wa kiwango cha juu.
- Anaomba namba ya simu ibadilishwe, kisha anaomba fedha.
- Anataja jina la mwenyekiti au mjumbe wa bodi kabla hujamwuliza lolote.
- Mwanachama analalamika kupata ujumbe wa mkopo asioujua.

Mbele ya kila dalili andika kitendo kimoja, si "kuwa makini". Kuwa makini si kitendo. Andika: "Simamisha, mpigie meneja," au "Piga namba ya zamani." Wenye leseni ya kukopesha wapate pia utaratibu wa kuulizia kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu. Kikundi cha VICOBA hakina njia hiyo, lakini kina kikao cha wiki, na kusoma majina ya wakopaji na wadhamini mbele ya wanachama wote ni kinga isiyolipiwa.

Hatua ya 6: Kubadilisha namba ya simu

Kama utaisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Akaunti nyingi huporwa kwa ombi dogo, la upole, lisilotaja fedha: "Naomba mnibadilishie namba, ile laini imepotea." Ukishaibadilisha, ujumbe wa uthibitisho, taarifa za salio na namba za kuweka upya nywila vyote huenda kwa tapeli, na mwenye mali hasikii kitu. Wizi wenyewe hufanyika siku kadhaa baadaye, kwa karani mwingine, na kwa karani huyo kila kitu kinalingana.

Ugumu ni kwamba watu hupoteza laini kweli. Tena kampuni za simu huuza upya namba zilizokaa muda mrefu bila kutumika, kwa hiyo mwanachama asipokuambia kuwa ameacha laini yake ya zamani, unaweza kuwa unamtumia mgeni taarifa zake za salio bila kujua. Kubadilisha ni lazima kuwezekane. Kuwe na breki tu.

Mteja aje mwenyewe na kitambulisho halisi. Karani apige namba ya zamani palepale, hata kama ameambiwa imepotea. Ikipokelewa, aulize anazungumza na nani kabla ya kujitambulisha kwa kirefu. Isipopatikana, aandike saa aliyopiga. Kisha ujumbe utumwe kwa namba zote mbili, ya zamani na mpya: "Tumepokea ombi la kubadilisha namba yako ya simu. Kama si wewe, fika ofisini au piga namba hii." Mtu wa pili athibitishe badiliko, siyo aliyelipokea. Kisha saa 48 zipite kabla namba mpya haijatumika kupokea mkopo au kutoa akiba. Namba ya zamani isifutwe kwenye faili. Ipigwe mstari mmoja, tarehe iandikwe.

Saa 48 zitaleta manung'uniko. Mpe karani maneno ya kusema, asiachiwe ayatunge mbele ya mama mwenye hasira: "Samahani mama, namba nimeipokea. Itaanza kutumika kesho kutwa saa kama hizi. Hii ni kwa ajili ya akiba yako, na hata mwenyekiti wetu anaifuata." Hiyo sentensi ya mwisho iwe kweli. Kanuni isiyomgusa mjumbe wa bodi wala mtoto wa mzee fulani itavunjwa ndani ya mwezi, kwani kila tapeli ni mtoto wa mzee fulani.

Msiba na hospitali hazisubiri. Kwa hizo weka mlango mmoja wa dharura: meneja na mtu wa pili wasaini, kiasi kiwe na kikomo mlichokubaliana mapema, na fedha zitolewe taslimu mkononi mwa mwenye kitambulisho, kamwe si kwa simu. Mwanachama akifariki, akaunti ifungwe kwa utoaji siku mnayopata habari, hata kabla ya cheti cha kifo. Majina ya marehemu ni chambo kizuri kwa sababu hawalalamiki.

Hatua ya 7: Wafanyakazi na mawakala

Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia kwenye mfumo. Nywila moja ya ofisi nzima maana yake ni kwamba siku ya tatizo hakuna aliyefanya. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo kabla ya chai ya kumuaga: mfumo, barua pepe, kundi la WhatsApp la ofisi, ufunguo wa kabati.

Mnaosajili laini au kutumia vijana wa kusajili wateja mitaani, jueni mchezo wa kidole. Kijana anamwambia mteja, "Haijasoma, weka tena," na mara ya pili anasajili laini nyingine ya kwake. Waagizeni: kidole kikigoma, mteja aonyeshwe kioo cha simu kabla ya kurudia, na mwishoni apige *106# mwenyewe kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Asiyoitambua aifutishe kwenye ofisi ya kampuni husika.

Hatua ya 8: Wanaojifanya wewe

Utambulisho wa biashara nao huibwa. Mzazi anapata ujumbe kutoka kwa "mhasibu wa shule" wenye namba mpya ya kulipia ada. Mhasibu naye anapata barua ya msambazaji kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kanuni ni moja kwa wote: badiliko la mahali pa kulipa haliaminiwi kwa njia lililoletwa nayo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla. Shule itangaze mwanzoni mwa muhula, kwa karatasi yenye muhuri, njia zake za malipo, na iseme wazi kwamba hazitabadilishwa kwa ujumbe wa simu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna haja ya kujibiwa. Usambazwe bure kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, ukitaja na namba iliyoutuma.

Hatua ya 9: Likitokea

Saa ya kwanza: zuia akaunti au mkopo husika, usifute chochote, piga picha za kioo na za nyaraka. Usimwite mtuhumiwa ofisini kumhoji. Akishajua, ushahidi unayeyuka. Kama fedha zimekwenda kwa simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao huo ukiwa na namba ya muamala mkononi, maana fedha zilizokwisha kutolewa kwa wakala hazizuiliki tena. Matapeli nao wana usemi wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Siku hiyohiyo mwambie aliyeibiwa jina, ana kwa ana ikiwezekana, na mpe maandishi kwamba deni linachunguzwa na hatadaiwa kwa sasa. Hapa taasisi nyingi hukosea vibaya: zinaendelea kumpigia simu za madai mtu ambaye ndiye mwathirika. Fungueni jalada polisi, Chumbageni au kituo cha karibu, mpate namba ya RB, yaani ya ripoti yenu kwenye kitabu cha polisi. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama mkopo ulikwisharipotiwa kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo, andikeni barua ya kulifuta jina la mwathirika; hatakuja kuwakumbusha, atagundua siku atakayonyimwa mkopo wa nyumba.

Kama taarifa zimevuja kutoka kwenu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe bila kuchelewa. Tume hiyo ndiyo inayosajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, na usajili ni wajibu wa kisheria, SACCOS na shule zikiwemo. Teueni mtu mmoja awe afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, kwa barua. Si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Awe mtu anayeweza kumwambia meneja hapana. Fahamuni pia kwamba taarifa za watoto, za afya, za alama za mwili na za miamala ya fedha zinahesabiwa kuwa nyeti.

Hatua ya 10: Kuteketeza, na kujaribu

Kila aina ya karatasi iwe na tarehe ya mwisho, iliyoandikwa kwenye mgongo wa boksi siku boksi linapofungwa. Mwulize mhasibu na mwanasheria wenu nyaraka za hesabu na mikopo zinatakiwa kukaa miaka mingapi. Zilizobaki, kama maombi yaliyokataliwa, zisikae zaidi ya mwaka. Mashine ya kuchana karatasi ikishindikana, chomeni, watu wawili wakiwepo, mkikoroga majivu hadi mwisho, kwani rundo lililofungwa huungua pembeni tu na katikati husomeka. Andikeni kwenye daftari: nini kimeteketezwa, lini, nani walishuhudia.

Mara mbili kwa mwaka, tumeni mtu asiyejulikana ofisini aende kujaribu. Aombe kubadilisha namba ya mwanachama aliyekubali jaribio hilo. Aje saa tano na nusu, siku ya mishahara. Anayejua jaribio wawe watu wawili tu, mmoja wao akiwa karibu. Karani akishindwa asifokewe mbele ya wenzake. Ulizeni ni hatua ipi iliyomchelewesha akairuka. Ikiwa ni kupiga namba ya zamani kwa sababu simu ya ofisi haina salio, tatizo si karani. Wekeni salio.